Nimeambiwa Nipige Magoti kwa Sababu ya Soda ya Aiskrimu

Shikamoo Mama Ipyana, mshauri wetu wa redioni, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo nitakalolijutia, maana nimekasirika sana. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge hapa Tunduma, mume wangu Hezron ni wakala wa forodha, mimi natokea Mbebe kule Ileje na yeye kwao ni Mbozi, na tulioana kanisani mbele ya watu, sikuokotwa mpakani.

Mwezi wa kumi, lile jua la kabla ya mvua, Pendo alikuwa anapata kipaimara, yaani binti wa shemeji yangu Osea, sherehe ilikuwa kule Mbozi kwa mama mkwe, naye akanipigia simu mwenyewe akasema, "Mama Luka, usije bila kile kinywaji chako chenye povu." Kinywaji chenyewe naponda stroberi na nanasi, nachanganya na pasheni niliyoichuja mbegu, naweka kidogo chini ya glasi, namimina soda nyeupe iliyopoa sana, halafu juu nadondosha bonge la aiskrimu ya vanila, povu linapanda na watoto wanapiga kelele. Aiskrimu niliibeba kwenye deli lenye barafu kutoka Tunduma, na siku ile kila mtu alikunywa, mchungaji alikunywa, mama mkwe aliongezewa, wifi yangu Ketrina ambaye ni dada mkubwa wa Hezron na anaishi hapo kwa mama yao aliongezewa, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Tulipokuwa tunaondoka aiskrimu iliyobaki ilikuwa imeshakuwa uji, nikamwambia Ketrina, na Hezron amesimama pale pale na ufunguo wa gari mkononi, "Wifi, hii imwageni, imeshinda juani, isirudi kwenye friji." Akaitikia, "Sawa wifi," sisi tukaondoka. Kumbe akaitia kwenye friji pamoja na matunda yaliyobaki, umeme ukakatika, ukarudi, ikaganda upya, na kesho yake akawapa watoto wa pale nyumbani. Wakaanza kutapika na kuharisha wote, na Brayan, mtoto wa mwisho wa Ketrina, akalazwa na kutundikiwa dripu, mtoto amelegea hata kulia hawezi. Niliposikia nililia kama ni wa tumbo langu, nikaacha biashara, nikaenda hospitali na chupa ya uji, na pale kwenye benchi la wodi wifi yangu akanitazama usoni akasema kwa sauti wauguzi wasikie, "Umekuja kuangalia kama amekufa?"

Brayan amepona, namshukuru Mungu, lakini mimi sijapona. Maneno yakazagaa kwamba niliweka dawa ya kumshika Hezron asiwakumbuke kwao, kwamba huko milimani kwetu tunafundishwa hayo, yakafika mpaka sokoni Tunduma, hata mteja wangu mmoja wa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akaniita mama kwa lugha ya kwao na kuniuliza kwa upole, "Bamayo, ni kweli haya tunayosikia?" Mimi ninayepanga foleni ya meza ya Bwana pamoja nao!

Basi kikaitwa kikao cha familia. Ketrina akaongea, akalia, akaongea tena. Pendo alikuwa anagawa chai, mtoto wa watu akajikaza akasema, "Lakini shangazi, ile iliyobaki ilikuwa imeshayeyuka, wewe ndiye uliyeigandisha." Ketrina akamfokea, "Nyamaza! Nani amekuuliza?" Mama mkwe naye akasema watoto hawasemi kwenye kikao, toka nje. Nikamgeukia mume wangu, nikasema, "Baba Luka, si ulikuwepo? Waambie nilivyoagiza." Mshauri, yule mwanaume aliangalia viatu vyake. Aliviangalia kama anavinunua. Halafu akasema, "Mama Luka, omba tu msamaha yaishe."

Yaishe! Nilibeba mkoba wangu nikatoka. Sasa Jumapili ijayo wanafanya ibada ya shukrani nyumbani kwa ajili ya watoto kupona, na mama mkwe ameagiza nije na kinywaji kile kile, nionje mimi kwanza mbele ya watu, kisha nipige magoti nimwombe Ketrina msamaha. Mama yangu mzazi ananiambia nivumilie. Hezron simpikii tena, anakula mgahawani, na watoto nimewakataza kwenda kwa bibi yao. Nimeshafunga begi la kurudi Mbebe. Nipige magoti au niondoke? Nisaidie mama, nitapasuka.
Ni mimi Goodness, Tunduma.

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako niliisoma nimesimama, chai ikapoa. Hupigi magoti. Nasema mapema ili usisikilize yanayofuata ukiwa na wasiwasi. Msamaha huombwa na aliyekosa, na wewe hukukosa. Aiskrimu ikishayeyuka na kushinda juani haigandishwi tena ikapewa watoto, ndivyo ulivyosema siku ile, na ulisema kwa mdomo wako mbele ya watu wazima wawili. Ukipiga magoti leo, kesho mtoto yeyote akiumwa kichwa ukoo mzima utakutazama wewe.

Ila na wewe nitakugombeza. Watoto umewakatazaje kwenda kwa bibi yao? Wao wamegombana na nani? Unataka Luka akue akijua kwamba watu wazima wakikosana, yeye ndiye anayefungiwa ndani? Wapeleke. Na hilo begi lifungue. Ukiondoka sasa, Ketrina atasema, "Si mnaona, amekimbia," na hakutakuwa na mtu wa kumbishia. Kumnyima mumeo chakula nako hakujamfungua mdomo, kumemfanya tu awe mteja mzuri wa mgahawa.

Kuhusu Ketrina, wewe usimkaripie. Yule ni mama aliyemfikisha mwanawe wodini kwa mkono wake mwenyewe, na anaogopa kulikubali hilo kuliko anavyokuchukia wewe. Hilo halimpi ruhusa ya kukuita mchawi. Anapaswa kukuomba radhi, tena mbele ya wale wale aliowaambia.

Sasa nije kwa Hezron, maana hasira yangu iko huko. Uliniachia namba yake kwenye bahasha, nikampigia. Nilimuuliza, "Ulimsikia mkeo akisema imwagwe?"

Akasema, "Nilimsikia, mama."

"Mbona kwenye kikao ulinyamaza?"

Akavuta pumzi. "Dada Ketrina ndiye aliyenilea baba alipofariki. Nilishindwa kumwaibisha."

"Kwa hiyo ukaona aaibike mkeo."

Nilimwambia aende kwa mama yake kabla ya Jumapili, peke yake, aseme alichokisikia kwa masikio yake. Jana amenipigia, ameenda. Anasema mama alimuuliza, "Wewe ulijua, na mimi nikamfukuza mjukuu wangu kikaoni kwa kusema ukweli?" Bibi amemwita Pendo na kumwomba radhi. La kuonja na la magoti ameyafuta. Ketrina bado amenuna, ameingia chumbani, hataki kusikia. Mwache anune, kununa hakuui.

Lakini Goodness, hilo halijatosha, na usikubali uambiwe kwamba limetosha. Ulitukanwa wodini, kikaoni na sokoni; huwezi kusafishwa jikoni kwa mama mkwe milango ikiwa imefungwa. Kwa hiyo Jumapili utaenda. Vaa kitenge chako kizuri kuliko vyote, wachukue watoto, msalimie mama mkwe kwa adabu zote, mkumbatie Brayan. Usibebe deli, wala tunda, wala soda. Wakikiulizia kinywaji, wajibu kwa upole kwamba unakitengeneza unapoalikwa kwenye furaha, na leo umekuja kusikiliza. Siku utakapokitengeneza tena, kila glasi ijazwe mtu akiwa ameishika, na kitakachobaki ukimwage mwenyewe kabla hujapanda gari, usiagize mtu.

Na wewe Hezron, najua unanisikiliza hapo ofisini kwako. Ibada ikiisha, kabla chakula hakijagawiwa, simama. Sema ulichokisikia na sema kwamba ulinyamaza. Sauti ikitetemeka, endelea kusema. Usimtazame dada yako wala viatu vyako, mtazame mama Luka. Ukimaliza nenda ukakae kwenye kiti cha pembeni yake, ubaki hapo mpaka watu waondoke.