Kaye ya Yaya Asina

Mujukuu wangu Riziki,

Salamu zetu zikufikie huko Kasongo na watoto. Huku Kabambare tuko wazima, muhogo umezaa vizuri, na mama yako mudogo amejifungua binti.

Unaniuliza kama ufute zile mesaji za bwana yako, ambaye asubuhi anakutisha, na mangaribi anaapa mbele ya watu kwamba hakusema neno.

Yaya wangu Asina, dada yangu mukubwa, aliolewa kule Wamaza na mutu wa ulimi kama huo. Hata mimi mudogo wake nilianza kusema yaya iko na kichwa kibaya. Yeye akachukua kaye ya shule, daftari la watoto. Kila neno la bwana aliliandika vile lilivyotoka, kama ni Kibangubangu, kwa Kibangubangu. Aliandika pia ilikuwa siku gani ya soko, na nani alisikia.

Alipomushitaki kwenye tribinali, mbele ya zuzi anayekata kesi, bwana akacheka: "Ameandika uongo wa kunichafua tu!" Zuzi akafungua kaye, akasoma kwa sauti: "Leo mimi Asina nilimuita mbwa, nikamutupia mwiko."

Zuzi akamuuliza bwana, "Mutu anayeandika mpaka ubaya wake mwenyewe, nimuite mwongo namna gani?"

Nilikuwa nimesimama dirishani. Mpaka leo sijaona mutu shujaa kumupita yaya wangu.

Usifute hata moja, mama. Zile ulizomujibu wewe na unazozionea haya, ndizo upeleke kwa zuzi kwanza.

Koko wako,
Feza