Mikono ya Mtaa

Ndia Kuu, Mombasa
24 Februari 1947

Mwanangu Zein,

Assalamu alaikum. Sisi wazima, ila mamako na kikohozi chake. Wewe hali yako, na baridi ya huko Nakuru?

Ijumaa, baada ya swala, mtaa ulinichagua kuwa mzee wake. Mikono ilinyanyuka hadi nikaona haya; hata Ngumbao mchota maji alinyanyua wake. Ofisi ya serikali haitaki. Ina mtu wake, ambaye hatujui hata mlango wa kwao. Nimeambiwa niache. Sitaacha, na kila Ijumaa tutakaa uwanjani watuone. Wewe askari, unayevaa nguo zao, niambie: mikono mitupu inawatisha nini?

Babako,
Badawi

Nakuru
12 Machi 1947

Baba mpenzi,

Waalaikumu salaam, na shikamoo. Mimi mzima, alhamdulillahi. Mpe mama pole.

Baba, mwenye nguvu mpishe. Kwao mkutano usio na ruhusa ni fujo, na dawa ya fujo ni rungu, ndivyo tulivyofunzwa. Kikosi chetu kinaletwa Mombasa. Nakuomba, Ijumaa kaa nyumbani.

Mwanao,
Zein

Makupa, Mombasa
22 Machi 1947

Baba,

Sina uso wa kukusalimu. Jana uliniona, nami nilikuona, umekaa mbele na kanzu yako ya Idi. Afisa akaamuru tuwaondoe kwa rungu. Mwenzangu alikwisha kukulenga kichwa. Nikamwahi. Nilidhani nikikupiga mimi, mkononi, taratibu, utaondoka na yatakwisha. Wallahi, baba, nilidhani naweza kupiga taratibu. Nikausikia mfupa.

Leo nimefika hadi mlangoni, nikarudi. Nijibu, hata kwa matusi.

Mwanao

Ndia Kuu, Mombasa
28 Juni 1947

Mwanangu Zein,

Assalamu alaikum. Anayeandika ni dadako Mahfudha, maneno ni yangu. Barua zako zote nne zimefika. Mamako kikohozi kimepungua, ila chakula bado hali.

Jana ofisi ilituita uwanjani tumnyanyulie mikono mtu wao. Askari walisimama nyuma yetu. Ngumbao akanitazama, wote wakanitazama. Nikageuka nikutafute. Kofia zote sawa, jua machoni, nisijue kama umo. Nikaogopa, mwanangu. Niliogopa wasije wakakuamuru tena.

Mkono wa kulia haunyanyuki. Nikanyanyua wa kushoto, na mtaa mzima ukafuata.

Babako