Saa Nne na Dakika Kumi na Mbili

Jumatatu, 2 Juni

Kengele ya kanisa imelia saa kumi na mbili. Nimefungua ukurasa wa kikundi kwenye simu kama kila siku, kabla ya kuwasha moto. Jina langu kwanza. Halafu ya wenzangu wauza mchele na maharage, na namba zao. Leo ndipo nimegundua Mama Zawadi hayupo. Mahali pake kuna jina la wifi wa Eliza, katibu wetu. Huyo hata mwanachama si mwanachama.

Mama Zawadi ni mjane. Mchele wake hauna jiwe. Wateja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, huchagua namba kwenye ukurasa ndipo wakapiga. Tangu Jumamosi simu yake haijalia. Alidhani imeharibika, akaipeleka kwa fundi. Moyo umeniuma kusikia hivyo.

Mchana Eliza kasema sokoni, kwa sauti, kwamba neno la siri la ukurasa wanalo watu wawili, yeye na Sekela. Na yeye, kasema, hajui kufuta hata picha ya ndoa kwenye simu yake. Wenzake wakacheka. Sekela ni mjukuu wangu. Ukurasa kautengeneza yeye. Mashine inayoubeba, kompyuta yake, iko sebuleni kwangu, chini ya kitambaa nilichofuma.

Nimefura. Uji umeungua, nikaunywa hivyo hivyo.

Jumanne, 3 Juni

Mwenyekiti kaja. Kakaa ukingoni mwa kiti, chai kaiacha. Kikao ni Jumamosi. Sekela asipojisafisha, anaondolewa, na jina lake litatangazwa sokoni kwa kipaza sauti. Huyu mtoto anaishi kwa watu kumkabidhi simu na kompyuta zao na siri zote zilizomo. Akishatangazwa, nani atampa tena?

Mimi shule sikukanyaga. Herufi kanifundisha yeye, akiwa darasa la tatu, kwa mkaa, ukutani jikoni. Mpaka leo ile alama ipo, sijapaka chokaa. Halafu watu wazima waniambie ni mwizi wa riziki ya mjane.

Sekela hakulia. Kasema mashine humwandika kila anayebisha hodi, saa aliyokuja na ukurasa alioutaka, kama daftari la wageni pale ofisi ya kata. Ila mistari ni maelfu, na mashine hufuta ya zamani baada ya siku saba. Kainakili kwanza. Sasa anatafuta programu ya kuipanga ili isomeke.

Siku nne. Sina subira hiyo.

Jumatano, 4 Juni

Nimekaa naye kutwa, sweta na kanga mbili, baridi ya Juni. Mashine haina picha nzuri kama za wengine. Maandishi meupe juu ya weusi. Inaitwa Linux. Ni kaidi.

Programu imeingia. Ikakataa kufungua daftari, eti mwenye daftari ni mwingine. Sekela akajiomba ruhusa mwenyewe, kwenye mashine yake mwenyewe. Nikamwambia huo ni upuuzi. Akasema ni usalama. Ungekuwa usalama, Mama Zawadi angekuwepo.

Ikafunguka. Ikasema haielewi mistari ilivyoandikwa. Kumbe inataka kuambiwa kwanza tarehe inakaa wapi, saa wapi, mgeni wapi. Akaiambia. Ikakataa. Akaiambia tena. Ikakataa. Bando likaisha.

Eliza kapita barabarani, kanisalimia, “Shikamoo Bibi,” na meno yote nje. Nimeitikia kwa sababu ya malezi tu.

Alhamisi, 5 Juni

Imekubali. Nguzo za rangi, saa, siku, wageni. Sekela kacheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Kanionyesha mstari wa simu yangu, ni kuukuu, hakuna nyingine ya aina ile. “Bibi, wewe ndiye mgeni wangu wa kwanza kila siku.” Nilijisikia mtu.

Halafu akatafuta Jumamosi. Akanionyesha mstari mmoja.

Mtu kaingia kwa neno la siri, kafuta, kaandika wifi. Njia aliyopitia ni ya mtandao wa simu unaotumiwa na nusu ya Tunduma, haisemi ni nani. Saa inasema. 10:12. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

Saa nne ile Eliza alikuwa mbele yetu kwenye kikao cha Jumamosi ile, anaandika muhtasari. Nilimwona kwa macho yangu. Aliyekuwa nyumbani na mashine ni Sekela.

Nikauliza. Kinywa changu hiki. “Ni wewe?”

Kaniangalia. Kafunika mashine kwa kitambaa changu. Ugali wake umelala mezani mpaka umekauka.

Ijumaa, 6 Juni

Haongei nami. Anaitikia tu.

Karatasi kaichapa, kampelekea mwenyekiti yeye mwenyewe, saa ile ya kumwangamiza imo. Nakala kaiacha mezani. Mwizi hapeleki karatasi. Hilo nimeliona leo, baada ya kumuuliza swali la kishenzi. Najichukia. Eliza namchukia pia, lakini nimeanza na mimi mwenyewe.

Jumamosi, 7 Juni

Kengele. Nimefungua ukurasa. Nikawaza, hata sasa hivi nimeandikwa. Nikaichukua ile karatasi, nikajitafuta. Namba nazijua. Mstari wangu huu hapa, siku baada ya siku. 05:00. 05:01. 05:00.

Saa kumi na moja? Saa kumi na moja mimi nimelala kama gunia. Sijawahi kufungua kitu kabla ya kengele. Kengele ni saa kumi na mbili. Nimekaa chini, nikaisoma upya.

Sikumwamsha Sekela. Nilishamkosea kwa kusema haraka, sikutaka kukosea tena.

Kikaoni saa nane. Wamejaa. Eliza kavaa kitenge kipya. Mwenyekiti kaanza kusoma karatasi, nikasimama kabla hajafika kwenye saa. Nikamwambia Sekela afungue mashine mbele yao, aliibeba kama mwenyekiti alivyotaka. Nikamwomba mwenyekiti aitazame saa ya ukutani, aseme kwa sauti. Saa nane na dakika ishirini. Nikafungua ukurasa kwa simu yangu. Mstari wangu ukaruka kwenye kioo. Nikamwambia Sekela asome.

“13:20,” kasema. Akashika kichwa. “Saa saba na dakika ishirini. Mungu wangu. Ni saa ya Nakonde.”

Aliisimika ile Linux kwa laini ya ng'ambo, bando lao lilikuwa nafuu. Mashine ikajihesabu iko Zambia, na wenzetu wako nyuma yetu saa nzima. Sisi wa Tunduma simu zetu hurukia mnara wao kila siku, saa inarudi, inakuja. Tumezoea. Saa ya kwenye kioo hakuna anayeitazama. Hata yeye fundi hakuitazama.

Kwa hiyo si saa nne. Ni saa tano na dakika kumi na mbili. Kikao kilikuwa kimeshaisha. Nikawauliza, saa tano Jumamosi ile tulikuwa wapi? Wote msibani, kwa jirani yetu. Sekela alikuwa anasonga ugali, sufuria kubwa, mwiko mmoja na mwenyekiti, upande huu na huu. Simu yake nilikuwa nayo mimi kwenye fundo la kanga, na funguo za nyumba, maana kwenye sufuria ya msiba simu hairuhusiwi. Nani hakuwepo? Eliza. Alisema kichwa kinamuuma.

Mwenyekiti kasema polepole, “Tulisonga wote. Nakumbuka, aliniunguza mkono.” Kauonyesha, alama ipo.

Eliza kaangalia kitenge chake. Kasema wifi yake alikuwa hana mteja hata mmoja. Kama vile Mama Zawadi ana bahari ya wateja. Nilitaka kumpiga. Mama Zawadi kanishika mkono, kanikalisha.

Neno la siri kanyang'anywa. Ukatibu pia. Kwenye kipaza sauti hatatangazwa, Mama Zawadi kakataa. Mimi ningetangaza mpaka sauti ikauke.

Njiani Sekela kabeba mashine, mimi nyaya. Nimemwambia nilimkosea. Kasema, “Ndiyo, Bibi.” Hakuongeza. Ni haki yake.

Jumapili, 8 Juni

Baridi. Kengele imelia. Nimefungua ukurasa. Mama Zawadi yupo, chini yangu. Jana jioni mteja wa Nakonde kampigia, “Bamayo, mama, ulipotelea wapi?” Kanihadithia mara tatu.

Sekela karekebisha saa ya mashine. Nasikia vidole vyake chumba cha pili. Sasa nikibisha, naandikwa saa kumi na mbili, saa yangu.

Nimefunga ukurasa. Nikafungua tena. Nikafunga. Nikafungua. Aone ni mimi.

Vidole vimesimama. Kacheka kidogo, peke yake.

Nimeweka maji ya chai. Vikombe viwili.