Mvinyo Mwekundu wa Lifti ya Binti Yangu

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, maana ni chupa moja tu ya mvinyo mwekundu, lakini mimi limenikosesha raha wiki nzima na sina wa kumuuliza, aliyekuwa akinijibu maswali ya namna hii alifariki mwaka jana kwa ugonjwa wa kifua.

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti. Kila akiingia kwenye lifti, hata ya jengo tulilokwenda kumwona mgonjwa, alikuwa anafumba macho na kusikiliza, halafu tukishatoka ananiambia hii inakwaruza pale katikati, au hii breki yake ina haraka, na vitufe alivibonyeza kwa kifundo cha kidole kwa sababu ncha za vidole vyake zilikuwa na grisi siku zote, nami mpaka leo nabonyeza kwa kifundo ingawa mikono yangu ni safi, mimi ni mshonaji wa mapazia.

Binti yetu ni mmoja tu, na aliifuata kazi ya baba yake. Baba alipofariki yeye alikuwa hajamaliza mafunzo, na rafiki wa mume wangu, ambaye kila mtu anamwita Spana, akamchukua kwenye kundi lake, ila kusoma alisomea hapa hapa mezani kwangu, mimi nashona yeye anasoma kwa sauti, akikwama namkumbusha, mpaka nikajua breki ya dharura inashika wapi na kamba za chuma zinakaguliwa vipi, mimi ambaye hata kubadilisha balbu naogopa. Sasa amefaulu, Shangazi. Jumamosi ijayo anakabidhi lifti yake ya kwanza, ni ya hospitali ya wazazi, ile itakayopandisha akina mama wenye uchungu wakiwa vitandani, na atakayeitia sahihi kwamba ni salama ni yeye, kwa jina lake na la baba yake. Nimeshawaambia wateja wangu wote, hata yule aliyepita kuuliza bei tu.

Mafundi hawa wana desturi yao. Fundi anapokabidhi lifti yake ya kwanza, aliyemfundisha huleta chupa ya mvinyo mwekundu, anaisimamisha katikati ya sakafu ya lifti, lebo ikitazama mlango, kisha mlango unafungwa na chupa inabaki humo peke yake, wenyewe wanapanda kwa ngazi hadi ghorofa ya juu kabisa na kuiita lifti. Mlango ukifunguka chupa imesimama, wanaifungua na kuinywa pale pale kwa vikombe vya chai. Ikiwa imelala, wanarudi kazini. Chupa ya mume wangu, siku yake, ilifika imesimama wima kabisa, ila ilikuwa imejizungusha njiani, kwa hiyo mlango ulipofunguka ikawa imewapa kisogo. Walicheka mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi, na tangu siku ile kazini jina lake likawa Kisogo, hata mazishini kulikuwa na watu waliokuwa hawalijui jina lake jingine.

Sasa mvinyo wenyewe. Ule wanaoununua siku zote, kwenye duka lililo karibu na karakana yao, ni mkali, mume wangu alisema ni kama kulamba betri. Lakini kuna mara moja alitengeneza lifti ya hoteli na meneja akampa glasi ya mvinyo mwingine, basi alirudi nyumbani nikiwa napiga pasi, akasimama mlangoni na mkoba wa vyuma bado begani, akakosa namna ya kunieleza, anaanza anaacha, mwishowe akasema, "Ni kama lifti inayosimama bila wewe kujua kwamba imesimama." Akasema siku ya binti yetu ataununua huo. Jina lake hakuliuliza. Mimi pia sikumuuliza, nilikuwa naangalia pasi isiunguze.

Wiki iliyopita tukiwa mezani binti yangu akaniuliza, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani, "Mama, chupa ataleta nani?"

Nikamjibu, "Italetwa."

Akaendelea kula, na tangu hapo hajaligusa tena jambo hilo, wala mimi.

Nikamwendea Spana. Yeye ni mtu mwema na sitaki umfikirie vibaya. Aliniambia nisihangaike, chupa ni shughuli ya mafundi, yeye ataleta ile yao ya kawaida. Nikasema nataka kuinunua mimi. Akakuna kidevu, akasema, "Sawa shemeji, ila nunua nene, yenye kitako kizito. Lifti ile ni ya zamani, imefufuliwa tu. Tusije tukamwaibisha mtoto."

Neno hilo la kumwaibisha limenikaa kifuani, na sijui kama nina haki ya kuudhika.

Dada yangu mkubwa naye aliposikia akasema mjane akionekana anatoka duka la pombe watu watapata la kuzungumza, na yeye ni mwimbaji wa kwaya, ataulizwa. Anataka nimnunulie binti saa ya mkononi, yaishe.

Nikaenda dukani hata hivyo, asubuhi, nimejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda kuiba. Muuzaji akaniuliza nataka mvinyo wa namna gani, nikasema mwekundu, ulio laini. Akauliza laini vipi, nami sikuwa na maneno mengine, nikamwambia kama lifti inayosimama bila wewe kujua kwamba imesimama. Alicheka, na mteja aliyekuwa nyuma yangu naye akacheka. Akanipa chupa moja akisema, "Huu mama hauna shida, unateremka wenyewe." Nikaupeleka nyumbani, nikamwita Spana auonje. Alikunywa funda moja, akanitazama kwa huruma, akasema hii ni dawa ya kikohozi ya watoto. Ni mtamu, Shangazi, mtamu kama sharubati. Sasa chupa hiyo imekaa kabatini kati ya vitambaa na kila nikichukua uzi inanitazama.

Naomba uniambie, mvinyo laini unachaguliwaje na mtu ambaye hanywi? Ninunue hiyo chupa nene? Na je, ni mahali pangu kuupeleka, au nimwachie Spana, maana mimi si fundi na anayeleta ni aliyefundisha?

Ni mimi,
Mama Fundi

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Fundi,

Pole kwa kuondokewa, na hongera kwa binti. Barua yako niliisoma mezani, kisha nikaenda kuisoma tena ndani ya lifti ya ofisi yetu nikiwa nimefumba macho. Inakwaruza. Nimepanda lifti ile miaka yote hii bila kujua.

Sasa nikugombeze kidogo. Umekwenda kununua zawadi ya mtoto wako umejifunika kama mwizi, kwa sababu ya kwaya. Dada yako mpe salamu zangu, na ile chupa tamu mpelekee yeye, waimbaji hukauka koo. Saa ya mkononi ni kitu kizuri, lakini binti yako hakuuliza habari za saa. Aliuliza chupa ataleta nani, na aliuliza akitazama sahani. Mtoto anayeuliza hivyo anaogopa kusikia kwamba hakuna mtu. Ukamjibu vizuri sana. Usilirudishe neno lako.

Kuhusu mvinyo, umekosea kosa ambalo wengi hulifanya, na muuzaji wako kakusaidia kulifanya. Laini na tamu ni vitu viwili. Kinachokwaruza koo ni ukakasi, ule unaotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, sawasawa na chai iliyosahaulika na majani yake hadi ikaanza kukausha ulimi. Ukiitia sukari inakuwa chai chungu yenye sukari. Basi rudi dukani, bila kujifunika, na useme hivi: nataka mwekundu, usio mtamu, wenye ukakasi kidogo. Tafuta kwenye lebo neno Merlot. Hilo ni jina la zabibu, na mvinyo wake kwa kawaida ni mpole kwa mtu asiyezoea. Uliokaa miaka michache tangu zabibu zake kuvunwa mara nyingi hutulia kuliko wa juzi, kwa hiyo soma mwaka. Usinunue kwa uzuri wa picha, wala usidhani wa bei ya juu ndio lazima uwe laini. Na kama muuzaji ni yule yule anayecheka, nenda duka jingine.

Nunua chupa mbili za aina moja. Moja ifungue nyumbani siku moja kabla, uonje mwenyewe. Ndiyo, wewe, funda moja tu, na hutalewa. Mume wako alikuachia kipimo kizuri kuliko vyote nilivyowahi kusoma, na hakuna mwingine aliyebaki anayeweza kukitumia. Ukimeza na usijue ni wapi mvinyo umekoma, ndio huo. Ukikausha ulimi, umpe Spana apeleke karakanani, wenzake wamezoea betri, nawe una siku nzima ya kutafuta mwingine. Ile ya pili usiiweke kwenye friji, baridi kali huamsha ukakasi. Iweke chini kwenye kona isiyopata jua. Beba kizibuo kwenye mkoba wako, maana mafundi hao watakuwa na kila aina ya chombo isipokuwa hicho. Mkishamimina, acheni vikombe vitulie kidogo huku binti anapongezwa, mvinyo hulainika ukipata hewa. Na mnywe kazi ya siku ikiwa imekwisha, asiwepo wa kwenda kushika usukani.

Unaniuliza kama ni mahali pako. Umeandika mwenyewe kwamba anayeleta ni aliyefundisha, na mistari michache juu yake umeandika kwamba alisoma mezani kwako na alipokwama ulimkumbusha. Mama, hukuisoma barua yako kabla ya kuituma? Baba alianza, Spana akamshika mkono kazini, na wewe ukamalizia huku cherehani inakwenda. Spana aje, asimame karibu, hata kizibuo mpe yeye ashike, amestahili. Chupa utaibeba wewe.

Limebaki lile la kitako kizito, nalo ndilo lililokuuma, na una haki ya kuudhika. Spana alisema kwa upendo, lakini alikosea. Anayechagua chupa nene ana wasiwasi na lifti. Hospitali ile haitabeba chupa nene, itabeba mwanamke mwenye uchungu, amelala, hana pa kushika. Kama binti yako amesema iko salama kwa ajili ya huyo, iko salama kwa ajili ya mvinyo wako. Nunua chupa ya kawaida, na ukiwekewa mbili mbele yako, chukua iliyo nyembamba. Spana akikuuliza mwambie hivi hivi, kwamba mtoto huyu hahitaji kusaidiwa.

Jumamosi vaa nguo unayoipenda. Isimamishe chupa katikati ya sakafu kwa mkono wako, lebo ikitazama mlango, halafu panda ngazi pamoja nao, polepole, usikimbie. Juu mwache binti aiite lifti. Kama atabonyeza kwa kifundo cha kidole, usilie bado, subiri mlango.

Ukifunguka na chupa imesimama, nyweni. Ukifunguka na chupa imesimama lakini imewapa kisogo, mimineni na kikombe kimoja cha ziada.