Mlango Nilioufunga

Jumatatu, 2 Juni

Asubuhi nzima mabomba ya kuoshea macho ya maabara. La chumba cha udongo linatoa maji ya kutu. Nimeyaacha yatiririke mpaka yakawa meupe. Kisha vizimamoto. Kisha ugomvi na watu wa ghorofa ya juu, wanaoweka vikombe vya kahawa mezani pale pale wanapopimia sampuli. Wananiita Polisi. Wanacheka mbele yangu, nami nacheka.

Mkurugenzi anataka mpango mpya wa usalama uwe tayari kabla wafadhili hawajafika. Karibu umekwisha. Kuna sentensi moja naipenda kuliko zote: "Mkuu wa usalama hukagua kila chumba na huwa wa mwisho kutoka." Mkuu wa usalama ni mimi. Nilipoiandika nilijiona mtu.

Jumatano, 4 Juni

Zoezi la dharura. Limekwenda vizuri. King'ora, watu chini, mimi na kizibao changu cha kung'aa nyuma yao, mlango kwa mlango.

Espérance alichelewa kutoka, kama kawaida yake. Ndiye mkemia wa udongo. Amekulia Bujumbura, mimi Mwanza, kwa hiyo sisi wawili tunaongea Kiswahili na wenzetu wa hapa, wasiokielewa vizuri, wanasema tunawateta. Nilimkaripia kidogo. Akasema, "Weye Faustin, siku moto ukiwaka kweli nitakutangulia nje."

Wote tulicheka.

Jumanne, 10 Juni

Chupa ya taka imepasuka chumba cha udongo. Ndani kulikuwa na mabaki ya asidi ya nitriki. Inaelekea mtu alimimina spiriti humo humo. Nani, bado haijulikani. Moshi wa kahawia. Tumetoa watu wote.

Espérance ameumia. Macho, na kifua. Nimembeba mimi hadi kwenye bomba la bustanini, nikamwosha macho mpaka gari la wagonjwa likaja.

Sikumwona mle ndani. Moshi ulikuwa mzito.

Siandiki zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Daktari anasema moshi ule ni mjanja. Mtu anaweza kuonekana mzima, kisha mapafu yakajaa maji baadaye. Wanamwangalia tu. Jicho la kulia litapona. La kushoto hawasemi kitu.

Mtu alipiga picha nikiwa nimembeba. Imezunguka kwenye simu za taasisi nzima na imebandikwa kwenye ubao. Mkurugenzi amenishika mkono mbele ya watu. Amesema mpango umefanya kazi kwa sababu aliyeuandika ana moyo. Watu wakapiga makofi.

Niliinamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu.

Alhamisi, 12 Juni

Nimwandikie nani uongo? Hapa hasomi mtu.

Nilimwona.

King'ora kilipolia nilikuwa ngazini. Nilivaa kizibao, nikaanza na vyumba vya mwanzo, vyote vitupu. Nilipofungua mlango wa chumba cha udongo moshi ulikuwa umefika kiunoni. Espérance alikuwa amepiga magoti kando ya sinki, mikono usoni. Anakohoa. Nafasi kati yetu ilikuwa ndogo, ya mtu kuruka mara moja au mbili. Harufu ikanigonga kooni. Nikarudi nyuma. Nikafunga mlango.

Mpango unasema mlango ufungwe ili moshi usienee. Hiyo ndiyo sentensi iliyonijia kichwani nikikimbia. Sentensi yangu mwenyewe.

Nje mkurugenzi aliuliza, "Wote wametoka?" Nikasema, "Wote." Sikuhesabu. Ningehesabu nini? Nilijua.

Sijui tulisimama kiasi gani. Kisha mlango mkubwa ukafunguka, naye akatoka akitambaa, amefuata ukuta kwa mkono. Ndipo nikakimbia. Ndipo nikambeba. Picha ni ya hapo.

Mimi ni mwoga. Na niliongopa.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani Consolata alisimama wakati wa shukrani. Mke wangu, asiyependa hata kusoma somo mbele ya watu. Alisema Mungu amenitumia kuokoa mtu. Wazee wakanigeukia na kuitikia kwa vichwa. Mama mmoja alinibusu mkono.

Nilitamani sakafu ifunguke. Njiani Consolata aliniuliza kama naumwa. Nikasema kichwa.

Mapafu ya Espérance hayakujaa. Hiyo tu ndiyo habari njema ya juma hili.

Jumatatu, 16 Juni

Nimekwenda hospitali. Nilikuwa nimekwepa. Nilijipa sababu: ripoti, polisi, mafundi wa madirisha.

Mama yake yuko kando ya kitanda chake usiku na mchana. Aliponiona aliniinukia, akanikumbatia kwa lile kumbatio refu la huku, akasema, "Urakoze cyane, asante sana, mwanangu. Umenirudishia mtoto." Kisha akatoka kutafuta chai, akisisitiza lazima ninywe.

Tukabaki wawili. Macho yake yote mawili yamefungwa bandeji. Nikafurahi kwamba hanioni. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi.

Akasema, "Nilisikia mlango."

Nikashika chuma cha kitanda.

"Ulifunguliwa, nikasema Mungu wangu, Faustin amekuja. Halafu ukafungwa." Akakohoa kwa muda. "Ilikuwa weye?"

Nikasema ndiyo.

Hakulia, hakupiga kelele. Aligeuzia uso ukutani. "Mama asijue," akasema. "Anakuombea kila siku. Ukimwambia ataanguka."

Mama aliporudi na chai nilikunywa yote, ya moto, mpaka ulimi ukaungua.

Ijumaa, 20 Juni

Kamati ya uchunguzi imekaa. Mkurugenzi, mwanasheria, mkuu wa utafiti, na mimi. Mimi! Nimewekwa kwenye kamati ya kuchunguza jambo langu.

Mwanasheria ameshaandaa maneno. Mkuu wa usalama alikagua vyumba vyote. Mfanyakazi hakutii king'ora. Wafanyakazi wamethibitisha kwamba hata kwenye zoezi alichelewa. Kwa hiyo kosa ni lake, na taasisi haibebi matibabu baada ya mwezi huu. Mkataba wake hautaongezwa.

Ati "hata kwenye zoezi". Aliyewaambia hivyo ni mimi, siku ile ile ya moshi, nilipoulizwa haraka haraka na nikatafuta kitu cha kusema.

Mkuu wa utafiti akauliza, "Faustin, ulimwita kwa jina pale mlangoni?"

Nikasema sikumbuki vizuri.

Sikumbuki! Nakumbuka hata rangi ya viatu vyake.

Tutatia sahihi Jumatatu.

Jumamosi, 21 Juni

Nimejaribu hesabu zote. Nikisema, nafukuzwa. Labda mahakama. Consolata atatazamwa kanisani. Nisiposema, Espérance anapoteza jicho na kazi na jina.

Ukiiweka hivyo hakuna cha kupima. Hata hivyo nimepima siku nzima. Aibu.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 23 Juni

Nimesema.

Sikusema vizuri. Nilikuwa nimepanga hotuba, ikapotea. Mwanasheria alinisogezea kalamu nikasema, "Alikuwa ndani na nilimwona." Wakadhani nazungumzia kitu kingine. Ikabidi nirudie. Nilifungua mlango, nilimwona amepiga magoti, nikaogopa, nikafunga. Nje nikasema wote wametoka. Hakukaidi king'ora. Alikuwa haoni.

Mkurugenzi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Mwanasheria akasema kwa upole kabisa, "Bwana Faustin, umechoka. Mshtuko huwa unachanganya kumbukumbu. Twende mapumziko."

Nikaelewa. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea. Na Mungu anajua, kwa pumzi moja niliutaka.

Nikasema, "Sijachanganyikiwa. Andika."

Mkuu wa utafiti, mama mmoja mkali ambaye hatujawahi kupatana, ndiye aliyechukua karatasi akaandika mwenyewe kwa mkono. Alipomaliza aliniuliza, "Kwa nini leo?" Nikasema kwa sababu mlitaka kumbebesha yeye kosa. Akasema, "Na kama tusingetaka?"

Nikavuta karatasi, nikatia sahihi.

Jumanne, 24 Juni

Nimemwambia Consolata. Alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza, kisha akaendelea kuchambua mchele uliokwisha kuwa safi.

Akasema, "Nilisimama mbele ya watu wale kanisani."

Basi. Hilo tu. Amelala chumba cha watoto.

Jumatano, 25 Juni

Barua ya taasisi. Sikufukuzwa. Onyo kali, nimevuliwa ukuu wa usalama, picha imeondolewa kwenye ubao. Matibabu ya Espérance watalipa, na mkataba wake unaendelea. Mpango wa usalama unapaswa kuandikwa upya wote. Nitauandika mimi, chini ya yule mama mkali. Anasema hakuna mtu anayejua vizuri zaidi ulivyovunjika.

Nilidhani nitasikia wepesi. Sijasikia. Ningefukuzwa ningekuwa na mahali pa kujificha.

Jumamosi, 28 Juni

Umuganda, kazi ya jumuiya ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tulizibua mtaro wa chini ya msikiti, hapa mtaani kwetu Rwezamenyo. Mzee Hamidu, mwenye duka la vitambaa, alinipigia kelele tangu mbali, "Shujaa wetu huyo! Mpeni jembe jepesi!" Watu wakacheka. Habari mpya hazijamfikia.

Nikamwambia. Pale pale, matope hadi magotini. Mzee, si kweli, nilimkimbia yule mkemia, alijitoa mwenyewe.

Aliniangalia. Akasema, "Inna lillahi." Kisha akarudi kuchimba, nami nikachimba kando yake, jembe zito. Mpaka mwisho hakuhama.

Alhamisi, 3 Julai

Kimisagara, kwa fundi wa vioo. Kila mlango wa maabara utawekwa kioo, ili mtu aone ndani kabla hajafungua, na aliye ndani aone kwamba kuna mtu. Fundi aliuliza kama ni benki.

Mpango unakwenda polepole. Zamani niliuandika kana kwamba watu ni mashine zenye miguu. King'ora kinalia, mtu anafanya hiki, kisha kile. Sasa kila sentensi naiuliza: na akiogopa je? Nyingi zinaanguka hapo hapo.

Nimefuta "wa mwisho kutoka". Nimeandika: "Anayekagua vyumba anaweza kuogopa. Kwa hiyo wakague wawili, wamevaa vinyago, na hakuna anayefunga mlango kabla mwenzake hajatazama ndani." Na nje hakuna mtu mmoja wa kusema wote wametoka. Kila mtu ana mwenzake, na anamjibia kwa jina.

Mkurugenzi anataka neno "kuogopa" liondolewe. Wafadhili watasoma. Nimemwomba siku chache.

Consolata amerudi chumbani. Hatujaongea. Ila amerudi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda Rebero, nyumbani kwa Espérance. Yeye ndiye aliyeniita. Alitaka kuusoma mpango kabla haujapitishwa.

Mama yake sasa anajua. Alinifungulia geti, akaondoka bila kunisalimia. Sikutegemea zaidi.

Tulikaa kibarazani. Kiangazi, vumbi, mji wote chini yetu una rangi ya majivu. Jicho la kulia ni zima. La kushoto linaona mwanga na vivuli, na daktari anasema huenda likabaki hivyo. Alisoma polepole, karatasi karibu na uso. Nilitazama miguu yangu.

Alisahihisha mambo mawili matatu. Bomba la macho liwe karibu na mlango, si karibu na sinki. Kuwe na kamba ukutani ya kufuata kwa mkono, chini, usawa wa mtu anayetambaa. "Ukuta ulikuwa na kabati katikati," akasema. "Nilipoteza njia hapo."

Nikaandika.

Akafika kwenye sentensi ile. Akaisoma mara mbili.

"Hii wamesema uitoe?"

Nikasema ndiyo.

"Usiitoe."

Kisha akanirudishia karatasi: "Sijakusamehe, Faustin. Uelewe vizuri. Lakini hii iko kweli, iache."

Nikasema sawa. Sikuomba msamaha tena. Nilikwisha kuomba nilipofika, na kuomba zaidi ilikuwa ni kumtwisha kazi ya kunijibu.

Nikainuka kuaga. Akasema ngoja kwanza, saa ya dawa imefika, na mama yake haoni vizuri, matone yote huishia shavuni. Akanipa kichupa. Akaegemeza kichwa kwenye kiti, akalifungua jicho la kushoto kwa vidole vyake.

Mkono wangu ulitetemeka.

"Ngoja utulie," akasema.

Nikangoja.