Tumekwenda Kuomba Jina la Angharad

Jumapili jioni, Novemba. Tangu asubuhi inanyesha ile mvua nyembamba ya Brussels, isiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Miguu imevimba, mtoto anacheza mpira tumboni, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Naiweka hapa.

Leo tumekwenda kuomba jina.

Kwa mliofika leo kwenye shajara yangu hii ya mtandaoni: mimi ni mtu wa Lubumbashi. Naishi Berchem-Sainte-Agathe na mume wangu Justin na maman, mama yangu mzazi, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Mwezi wa tatu, Mungu akijalia, nitajifungua msichana. Justin alitaka aitwe Merveille. Nikamwambia kina Merveille wamejaa kanisani kwetu, ukiita mmoja benchi zima linageuka. Mimi nilikuwa nimeshachagua kimoyomoyo.

Nataka aitwe Angharad.

Ni jina la Wales, la zamani sana, na maana yake ni anayependwa mno. Mwenye jina ni bibi ninayemhudumia mtaa wa Ixelles, mjane asiye na mtoto, aliyeletwa Brussels na ndoa akiwa bado msichana. Daktari, majirani, hata kibao cha kengele ya mlangoni, vyote vinamwita Madame Angèle. Jina lake hasa aliniambia siku moja nikimwosha nywele, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja jina la marehemu.

Acha nimsifu kidogo, maana kwenye zamu sipati nafasi. Miezi ya kwanza ya mimba nilipokuwa natapika, alinikalisha kwenye kochi akamenya viazi mwenyewe, na mikono yake ile inayotetemeka. Maganda yalikuwa mazito, viazi vikatoka vidogo kama mayai ya njiwa. Msimamizi wangu alipopiga simu, akamjibu bila kupepesa macho kwamba niko bafuni nasugua. Nilikuwa nimelala fofofo chini ya blanketi lake.

Huzungumza Kiwelisi na paka wa jirani anayepitia dirishani, kwa sababu hana mtu mwingine wa kuzungumza naye. Kuna wimbo wa kanisa anaoupenda, na sauti yake ni ileile tuliyoimbia Lubumbashi, kwa hiyo yeye huimba kwa Kiwelisi nami kwa Kiswahili huku namvisha soksi. Nyumbani kwake siku hupita upesi.

Kwetu jina lina mwenyewe. Yule uliyepewa jina lake ni majina wako, na ni mzazi wako wa pili. Majina wangu alikuwa jirani tu, hatuna damu moja. Maman alipolazwa hospitali muda mrefu, mama yule alinichukua, akanilisha, akanisuka, akaniadhibu pia nilipostahili, mpaka nikawa sijui tena nyumba ipi ni yetu. Sasa nikifikiria kwamba jina la Angharad litaishia kwenye ghorofa ile, hakuna wa kulibeba, roho inaniuma kwelikweli.

Justin alikubali haraka. Kazi ilikuwa kwa maman.

"Jina iko muzuri," akasema. "Lakini ule maman iko na nonante ans, miaka tisini! Majina anakufwa mbele mutoto ajue kutembea, donc nani atamulea? Na mutoto anafwataka tabia ya majina yake. Mi nataka kumuona kwanza."

Basi ikawa lazima twende. Ijumaa nilimwambia bibi kwamba familia yangu itakuja Jumapili, wana neno muhimu la kumwambia. Sikuongeza kitu, kwa sababu mama wa mtoto haombi jina mwenyewe, anaombewa na wakubwa. Niliona nimefanya kwa adabu kabisa.

Tonton Déo, mdogo wa marehemu baba yangu, alikuja na suti ya kijivu na tai. Maman alivaa kitenge chake cha sherehe, na kingine kipya kimefungwa kwenye karatasi ya zawadi. Justin akatuendesha, na tulipofika tukamkuta bibi amevaa gauni la bluu, vikombe vizuri vimepangwa mezani.

Tonton akaanza, kwa Kifaransa chake cha mikutano. Tonton Déo haingii kwenye neno kwa mlango, lazima kwanza azunguke nyumba. Alimshukuru Mungu, akaishukuru Ubelgiji, akaja kwenye hali ya hewa. Akasema jinsi nilivyokaa vizuri katika nyumba ile. Akasema mimba ina uchovu wake. Akasema katika maisha watu hukutana na kila kitu kina wakati wake.

Mimi nilikuwa namtazama bibi. Kila sentensi ilimfanya anyooshe mgongo zaidi. Tonton aliponyamaza apumue, bibi akasema ameelewa. Wasichana waliomhudumia kabla yangu waliaga kwa simu, mmoja alileta maua. Hakuna aliyewahi kuleta familia yake, na hiyo kwake ni heshima kubwa.

"Mchukueni apumzike," akasema. "Nilibahatika kuwa naye."

Kisha akanigeukia akaniuliza kama nataka sukari.

Alidhani tumekuja kumuaga, kwamba naacha kazi.

Machozi yalinitoka. Aliyeokoa jahazi ni maman, ambaye uvumilivu wake kwa hotuba za shemeji yake ni mdogo tangu zamani. "Déo, fupisha! Ule maman anazania tunamukimbia. Sema jina, sema mutoto, c'est tout!"

Tonton akasema jina, akasema mtoto.

Bibi akaweka kikombe chini, akakataa.

Alikataa kwa upole, lakini alikataa. Alisema tusimtwishe mtoto mzigo. Yeye alilirudia jina hilo kwenye madirisha ya ofisi, kliniki na dukani miaka mingi, watu wakikunja uso, mpaka siku moja akachoka akaacha waseme Angèle. Akasema kwao kuna majina mazuri na mepesi: Lowri, Carys, Nia. Nia! Hilo nasi tunalo, nikacheka ndani kwa ndani. Aliyataja moja moja, taratibu, kama anayemchagulia mgeni peremende bora kwenye sahani. Tuchukue lolote, akasema, tuliache lake.

Nakiri hapo nilikata tamaa. Nilianza hata kujiambia kwamba Lowri si baya.

Maman akasogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Kifaransa chake ni nusu, nusu nyingine ni Kiswahili, nami nikawa mkalimani.

"Maman, ku kwenu, maman yako alikuwa anakuita nani?"

"Angharad."

"Angharad," maman akarudia, bila kukwama. Akarudia tena, polepole. "Bon. Haiko nguvu. Bantu ba hapa njo bavivu."

Nilipotafsiri kwamba jina si gumu, watu wa hapa ndio wavivu, bibi alicheka mpaka akavua miwani. Maman hakucheka. Alimshika mkono.

"Ule Lowri ni nani?" akamuuliza. "Anaishi wapi? Mutoto ataenda kumusalimia wapi? Sisi hatukuye kutafuta jina ya muzuri. Tunakuya kwako."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bibi aliuacha mkono wake ndani ya mkono wa maman. Mwishowe akauliza mtoto anazaliwa lini. Nikasema mwezi wa tatu. Akawa kama anapiga hesabu, akitazama dirishani.

"Bon," akasema. "Basi itabidi nimsubiri."

Maman alifungua karatasi ya zawadi, akamfunga bibi kitenge juu ya gauni la bluu, akamzungusha amtazame vizuri. Kilimpendeza. Ningeweza kumtazama mpaka usiku.

Garini nikamkumbusha maman zile nonante ans zake. Akanijibu bila kugeuka: "Ule maman hatakufwa sasa. Mikono inatetemeka, lakini hauone namna anashikaka kikombe nguvu?" Halafu akaanza kulifanyia jina mazoezi, Angharad, Angharad, mpaka tukafika Berchem. Nimemsikiliza nikamshukuru Mungu kwa wanawake hawa wawili. Mwanangu akifuata tabia ya majina wake, akipata ule moyo wa kusema "mchukueni apumzike" huku anamuuliza anayeondoka kama anataka sukari, sitamwomba Mungu cha zaidi.

Nimechoka, shajara yangu, lakini usingizi hauji kwa sababu ya jambo moja. Kesho asubuhi nina zamu kwake. Kwetu, mama wa mtoto akimsalimia majina wa mwanawe hupiga magoti, na mimi nimeamua nitapiga.

Ila na tumbo hili, nikishafika chini, ni nani atakayeninyanyua? Yeye?