Kila Aliyepanda Atashuka

Sosiot, 27 Aprili 2025

Kwako Nyar Boito,

Salamu za Pasaka, mkamwana wangu binti wa Boito, ingawa Pasaka yenyewe imeshatupita. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, na magoti yangu ndiyo hutangulia kupata habari. Wewe huko Ghuba u mzima? Juzi kwa simu ulikuwa na sauti ya mtu mwenye homa, ukanidanganya ni vumbi.

Ninaandika kwenye karatasi kama kawaida yangu. Janefer jirani ataipiga picha akutumie. Haya siwezi kuyasema kwa simu mwanao Oketch akisikia.

Shule ya Jumapili iliwapeleka watoto Sotik, kwenye uwanja ambapo mtu mmoja alileta bembea za umeme: farasi wa kuzunguka, gurudumu refu na treni ya watoto inayopita ndani ya hema jeusi. Mwalimu Bogonko alimwinua Oketch, akamketisha kwenye treni. Alikuwa na nia njema. Treni haijaanza vizuri, mtoto akalia hadi watu wakaacha mahindi yao wakaja kuangalia. Alimuuma Bogonko mkononi, akajikojolea. Sasa watoto wenzake wamemtungia wimbo.

Wimbo ningeuvumilia, maana watoto ni watoto. Lakini tangu siku hiyo hapandi kitu chochote kinachotembea. Gari la shule likija anashika nguzo ya lango na kupiga kelele. Ninambeba mgongoni mimi, mtoto wa miaka mitano, na magoti haya. Nikichoka, hasomi.

Wewe ndiyo kazi yako, hizo bembea. Watoto wa watu wanakupitia mikononi kila siku. Huwa mnafanyaje wasiogope?

Mama yako,
Wilkista

*

4 Mei 2025

Kwako Mama,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili. Mimi ni mzima, ni uchovu tu. Magoti uyapake ile dawa ya kuchua, na usimbebe tena.

Maskini Oketch wangu. Nimesoma barua yako chooni, maana hapa huwezi kulia mbele ya wageni. Ni lazima utabasamu mpaka zamu iishe.

Kazi yangu ni kusimama mlangoni pa treni ya watoto na fimbo ya kupimia urefu. Mtoto asiyefika kwenye alama simruhusu, hata baba yake anitukane. Lakini wengi wanaolia ni wale waliofika. Baba anasema, "Wewe ni mwanamume, panda!" Anamsukuma, na mtoto akishuka amejitapikia, halafu anaichukia treni siku nzima. Bogonko amefanya kama hao.

Mama, fanya hivi. Zile bembea zikirudi, mpeleke asubuhi kabla muziki haujapanda, kwa sababu kelele huwatisha watoto kuliko urefu. Usimwambie hakuna cha kuogopa. Yeye anajua kipo. Msimame nje ya ua, asipande kitu, atazame tu. Mwambie amchague mtoto mmoja kwa nguo zake, amfuate kwa macho tangu anapopanda mpaka anaposhuka. Arudie na mwingine, na mwingine, hata kama mtamaliza asubuhi nzima hapo. Akiona kwamba kila aliyepanda atashuka, na atashukia pale pale alipopandia, mwili wake utalegea wenyewe. Ndipo umwonyeshe bembea mbili ndogo, achague yeye. Usimchagulie. Akisema hapana, mrudi nyumbani, na usimcheke.

Hapa nimewaona watoto waliokuja wakitetemeka, na jioni wanakataa kushuka.

Niambie anakula vizuri.

Binti yako,
Nelvine

*

Sosiot, 24 Agosti 2025

Kwako Nyar Boito,

Hujambo mwalimu wa bembea? Sisi leo ni wazima kupita kiasi!

Bembea zilikuja Kericho likizo hii. Nilifanya kila ulichosema. Tulifika mapema, wenyewe wakiwa bado wanafuta umande kwenye viti. Oketch alishika nguo yangu kwa mikono miwili. Nikamwambia hatupandi kitu, tunaangalia nguo za watu. Akamchagua mtoto wa sweta nyekundu. Treni ikaingia ndani ya lile hema, na mjukuu wangu akaacha kupumua. "Dani," akaniita bibi yake, "ameenda." Ilipotoka upande wa pili akapiga kelele mpaka muuza miwa akageuka: "Amerudi! Wa nyekundu amerudi!"

Tulisimama pale mpaka jua likaanza kuchoma. Wa kofia ya buluu akarudi, wa viatu vya mvua akarudi, pacha wawili wenye nguo za aina moja nao wakarudi. Kisha akachagua farasi. Baada ya farasi, Nyar Boito, akaniambia mwenyewe kwamba sasa anataka treni. Nilimngoja pale pale alipopandia, uliposema atashukia, akatoka gizani akicheka na lile pengo lake la meno. Mimi nilijificha nyuma ya muuza miwa nikalia.

Shule zikifunguliwa nafikiri gari atapanda. Mungu akubariki kwa maarifa yako.

Mama yako mwenye furaha,
Wilkista

*

Sosiot, 21 Septemba 2025

Kwako Nyar Boito,

Salamu. Natumaini u mzima. Sisi afya ipo, ila moyo wangu haujatulia, na sitaki kukuzungusha.

Gari la shule anapanda vizuri, hata anawahi kiti cha mbele. Shida ni kurudi. Akishushwa barabarani haji nyumbani. Anabaki kwenye kituo cha kununulia majani chai, amesimama kando ya mizani, akitazama barabara. Nilidhani anacheza. Jana Weldon, yule karani anayepima majani, alinijia akiwa amevua kofia. Aliniambia, "Mama, huyu kijana anasema anangoja gari ya baba yake. Anasema iliondokea hapa, kwa hivyo lazima irudi hapa."

Unaikumbuka siku hiyo. Gari la maiti lilisimama pale kituoni kwa sababu njia ya kwetu ilikuwa tope. Tulidhani Oketch yuko ndani kwa Janefer. Kumbe alikuwa kwenye ua, akituona sote tukiimba na kupanda. Tuliporudi tukamwambia baba ameenda kazi mbali, atarudi.

Jioni nikamuuliza kwa upole. Akanijibu kwa swali: "Dani, baba alivaa nini siku ile?" Anataka kumjua kwa nguo, atakaposhuka.

Nilimvalisha mwanangu Jackton mimi mwenyewe, ile suti ya harusi yenu. Ningemjibu mtoto nini?

Mimi nilitaka Oketch aende kwao Nyakach atupe udongo kwenye kaburi la baba yake, kama mtoto yeyote wa Kijaluo. Wewe na wazee wa Boito mkasema kwenu mtoto mdogo hasogezwi karibu na maiti, na kifo hakitajwi mbele yake. Nikakubali. Sikutaka tugombane juu ya jeneza la mwanangu. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Nipe ruhusa nimwambie.

Mama yako,
Wilkista

*

25 Septemba 2025

Kwako Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara naona mkono wako ukimfunga Jackton vifungo. Pole, Mama. Sijui kama niliwahi kukuambia pole vizuri.

Nakuomba, usimwambie bado. Si kwa sababu ya wazee wa Boito. Neno kama hilo mtoto alisikie akiwa amepakatwa na mama yake. Asilisikie mimi nikiwa mlangoni nawapungia mkono watoto wa watu. Likizo yangu ni Desemba. Nitamwambia mwenyewe. Mpaka hapo umtoe pale kituoni polepole, umtafutie kazi, akusaidie kuchambua omena, wale dagaa wako, kabla ya soko.

Najua ninakuomba jambo gumu.

Binti yako,
Nelvine

*

7 Desemba 2025

Kwako Mama,

Natumaini hamjambo.

Likizo wameikataa. Wanasema Desemba ndio wageni wengi na hakuna mtu anayetoka. Wamenisogeza mpaka baada ya Ramadhani. Nilimfuata msimamizi hadi ofisini, nikamwambia nina mtoto anayengoja barabarani. Akasema kila mtu hapa ana mtoto.

Vumilia kidogo, Mama. Bado usimwambie.

Nelvine

*

Sosiot, 28 Desemba 2025

Kwako Nyar Boito,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Keti kwanza, ndipo usome.

Nimemwambia. Ukasirike ukitaka. Asiyekuwepo na lake halipo, na mimi ndiye niliyekuwepo. Krismasi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilikaanga chapati, nikachinja kuku. Oketch akachukua chapati mbili, akazifunga kwa gazeti, akatoka. Nilimkuta kituoni, hakuna mizani wala mtu, maji yanamtiririka masikioni. Alisema, "Ni Krismasi, Dani. Leo kila mtu anarudi kwao. Baba atakuja na njaa."

Ningevumilia vipi?

Nilimbeba mpaka jikoni, nikamkausha, nikampakata. Nikasema, "Baba yako alikufa. Aliugua kifua, akafia hospitalini, tukamzika Nyakach karibu na babu yako. Hatarudi." Hakulia. Aliuliza kama kaburi lina mlango. Nikamwambia halina. Akafungua lile gazeti, akala chapati zote mbili, moja baada ya nyingine, akitazama moto. Nikamshukuru Mungu, nikadhani nimefanya vizuri.

Halafu ukapiga simu. Nikamwita, hakuja. Nikasema, "Ni mama yako, njoo umsalimie." Akaniuliza, "Na mama mlimzika wapi?"

Nyar Boito, nikamwambia mama yuko hai, yuko kazini. Akasema, "Hata baba mlisema ako kazi mbali. Mlisema atarudi." Ni kweli. Siku ulipoondoka tulimwambia maneno yale yale, kituoni pale pale, hata sauti nadhani ilikuwa ile ile. Nikamwelekezea simu usoni akuone. Wewe ulikuwa unacheka, unamwita kwa jina, hukujua. Akakuangalia kidogo tu. Ulipokata, akaichukua simu, akaitafuta ile video ya Jackton akimnywesha ndama maziwa, akaniwekea mbele ya macho. "Hata baba ako kwa simu, Dani. Anaongea. Anacheka."

Nikaizima simu.

Haendi tena kituoni. Hasumbui, anakula, anachambua omena bila kuambiwa. Watu wananipongeza kwamba ametulia. Jana Janefer alimsikia akiwaambia watoto wake, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye hana mama. Nimemwapia kwa Biblia, nikamletea barua zako, nikamwita na pasta. Ananisikiliza kwa heshima, halafu anarudi kwenye omena zake. Mimi nilimdanganya mara moja na mjukuu wangu ameshanijua. Wewe kila ukipiga simu, anaondoka chumbani, kwa sababu ananihurumia mimi ninayeongea na maiti.

Sikuombi jambo. Nimekuambia tu ilivyo.

Mama yako,
Wilkista

*

3 Januari 2026

Kwako Mama,

Salamu, na asante kwa kuniambia yote. Sijakasirika. Ungengoja Ramadhani iishe, angekuwa ameshanizika kabisa, na mimi ningekuwa hapa nikitabasamu.

Leo nimerudisha sare na fimbo yao. Msimamizi amesema nikivunja mkataba hawatanichukua tena, na sitaandikiwa sifa nzuri za kuombea kazi kwingine. Nimeweka sahihi. Wasichana tunaolala chumba kimoja wananiona mwendawazimu, maana nyumba yetu haijaezekwa na ada bado ipo. Ni kweli, tutateseka. Tutachuma majani ya watu, Mama, mimi na wewe, na magoti yako.

Ninaogopa sana. Naogopa kwamba atanitazama kama alivyonitazama kwa simu. Naogopa atakimbia akidhani ni mzuka, na sitakuwa na haki ya kumlaumu.

Usimwambie kwamba ninakuja. Usiseme narudi, usiseme lini, usimwonyeshe picha yangu, usipike chochote cha kumfanya aulize. Maneno hayo tumeyamaliza sisi wenyewe.

Nitafika tu.

Mama Oketch